Kompyuta ilishatushinda kwenye chesi, sasa itufunze

Tuambiane ukweli: swali la nani mkali kwenye chesi kati ya binadamu na kompyuta liliisha kitambo. Mei 1997, jijini New York, Deep Blue ya IBM ilimlaza bingwa wa dunia Garry Kasparov kwa pointi 3.5 dhidi ya 2.5. Leo Stockfish, programu ya bure, inakaa kwenye simu yako na hakuna bingwa anayefua dafu mbele yake.

Bado wabunifu wanakesha wakiiongezea makali. Ya nini? Kwa mchezaji wa mtaani, kuchapwa ni kuchapwa tu.

Shida yetu ni nyingine. Umepoteza mechi, unaiomba programu ikuchambulie. Inakwambia hatua ile ya farasi ilikuwa kosa, inakutupia nambari, basi. Mbona ni kosa? Kimya. Ni kama mwalimu anayekupiga mkasi kwenye daftari kisha anaenda zake. Mwenye pesa ataajiri kocha. Kijana asiye nazo kocha wake ni hiyo simu, na simu yenyewe haielezi.

Dalili njema zipo. Maia, iliyotoka 2020, ilifunzwa kwa mamilioni ya mechi za watu kwenye Lichess ili ibashiri hatua ambayo mchezaji wa kiwango fulani angecheza, makosa yakiwemo. Huko ndiko ubunifu unafaa kuelekea: programu inayojua utateleza wapi, na inayokueleza sababu kwa lugha unayoielewa, Kiswahili kikiwemo. Na maelezo hayo yatoke kwenye hesabu za injini yenyewe, si porojo za roboti za gumzo ambazo wakati mwingine hubuni hatua zisizoruhusiwa hata na sheria za mchezo.

Kuna watakaosema hiyo ni kazi ya kampuni kubwa za ng'ambo. Hapana. Msimbo wa Stockfish uko wazi. Yeyote anaweza kuusoma na kuubadilisha, mradi afuate leseni yake. Tena tangu 2020 inatumia mtandao mdogo wa neva uitwao NNUE, wazo lililotoka kwa shogi, mchezo wa Wajapani. Huo hauhitaji kadi ghali za michoro. Prosesa ya kawaida inatosha.

Kwa hivyo wewe unayesomea kompyuta na unatafuta mradi wa mwaka wa mwisho, usihangaike kuunda injini nyingine. Ubongo upo, tena bure. Upe mdomo.