USIMHUKUMU NDUGU YAKO UKIWA NA MAJIBU MKONONI



Vijana wetu wengi siku hizi wanacheza chesi kwa simu, na kuna mchezo mmoja bado wanaubishania. Tarehe 12 Desemba 2024, siku yetu ya Jamhuri, Ding Liren wa China na Gukesh wa India walikuwa mezani kule Singapore. Ulikuwa mchezo wa 14, wa mwisho katika kupigania ubingwa wa dunia, na pointi zilikuwa 6.5 kwa 6.5. Mchezo ulikuwa unaelekea sare. Hatua ya 55, Ding akaweka ngome yake mahali pabaya. Muda mfupi baadaye akakubali kushindwa. Gukesh, kijana wa miaka 18, akawa bingwa.

Mashabiki wakamcheka Ding. "Hata mimi nisingecheza hivyo!"

Mpendwa, walijuaje? Kompyuta iliwaambia. Ukitazama chesi kwa simu, pembeni kuna kipimo kinachopanda na kushuka kikionyesha nani ana nafuu. Ding hakuwa nacho. Alikuwa na saa inayokimbia, uchovu wa zaidi ya wiki mbili za mashindano, na akili ya mtu aliyewahi kusema hadharani kwamba amepambana na msongo wa mawazo.

Sasa mtazame aliyeshinda. Gukesh alipokutana na waandishi wa habari, alimsifu Ding kuwa bingwa wa kweli. Aliyekaa naye mezani aliujua uzito wa ile meza. Waliocheka walikuwa wamekaa kwenye kochi.

Kanisa, hata sisi tuna kochi letu. Ndugu alikopa akapanda ndengu, mvua ikakatika mapema. Leo kila mtu anasema, "Angejua tu." Mtoto wa jirani amepata D, tunachambua malezi. Dada ndoa yake imevunjika, tunaipitia hatua kwa hatua kwenye grupu ya WhatsApp. Tunajiona na hekima kwa sababu mwisho tumeshauona. Siku ile anachagua, hatukuwa na kipimo, na yeye hakuwa nacho.

Utaniuliza, "Pasta, kwa hivyo kosa lisisemwe?" Lisemwe! Wachezaji wa chesi wana desturi nzuri: mchezo ukiisha, mara nyingi wawili hao huupitia tena pamoja, aliyeshinda na aliyeshindwa, waone ilipoharibika. Hiyo ndiyo Wagalatia 6:1: aliyeanguka arejezwe kwa upole, na anayemrejeza ajiangalie. Kupitia kosa PAMOJA naye ni kumjenga. Kulipitia akiwa hayupo ni kumzika.

Soma Ayubu 2:13. Rafiki zake walikaa naye chini siku saba bila neno. Hapo walikuwa marafiki wazuri. Shida ilianza walipoanza kuchambua.

Wiki hii, kabla hujaandika jambo la mtu kwenye grupu, mpigie yeye kwanza. Au nenda kwake, keti, kunywa chai naye, nyamaza kidogo. Na kama wewe ndiye uliyeweka ngome vibaya, umechoka na watu wanacheka, usijifungie peke yako. Njoo tuongee, tuombe. Kwa Yesu, mchezo wako haujaisha.

Mbarikiwe. Kama unapokea, andika AMINA.