Mutoto mwenye mujomba si yatima

Siku hizi wengi wanasema kwamba shauri la kutafuta mababu limekwisha kupata dawa. Unatema mate katika kichupa, unatuma Ulaya ao Marekani, unalipa, na kiisha majuma machache unaambiwa wewe ni mutu wa nani. Neno hilo linasemwa hata na watu waliosoma. Mimi nasema hapana. Kipimo cha ADN ni chombo kizuri, lakini katika shauri linalotuuma sana hapa kwetu, lile la watoto metisi wa wakati wa ukoloni, kinaweza kutupoteza njia mara ya pili. Kinatufanya tutafute upande mumoja tu: upande wa baba muzungu.

Tukumbushane kwanza habari yenyewe. Wakati wa Kongo ya Wabelgiji, mutoto wa mama mweusi na baba mweupe alikuwa tatizo kwa Leta. Walimutafuta kwa mama yake, wakamuchukua angali mudogo, wakamuweka kwa wamisionere: Katende kule Kasai, Save kule Rwanda, na mahali pengine. Wengi wa Save walipelekwa Ubelgiji tangu 1959, uhuru ulipokaribia. Tarehe 4 Aprili 2019 waziri wa kwanza Charles Michel aliomba musamaha mbele ya bunge la Ubelgiji. Wanawake watano waliokulia Katende walishitaki. Mwaka wa 2021 tribinali ya kwanza iliwakatalia, lakini tarehe 2 Desemba 2024 korti ya rufaa ya Bruxelles ilikata kwamba kuwatoa hivyo kwa mama zao kulikuwa kosa la kinyume cha ubinadamu. Kila mumoja alipewa haki ya kulipwa euro 50 000.

Hukumu ni nzuri. Lakini mababu hawarudishwi na euro. Basi watu wanafungua karatasi. Na karatasi zile ziliandikwa na nani? Na wale wale waliochukua watoto. Mara nyingi baba aliandikwa «hajulikani», hata pale kijiji kizima kilipomujua na kazi yake na nyumba yake. Mama naye aliandikwa kwa jina moja tu, bila baba yake, bila ukoo wake. Jina la mutoto lilibadilishwa, siku ya kuzaliwa pia. Anayesoma karatasi hizo kama vile Injili anaendelea kuamini mwenye kumuiba.

Wengine wanajibu: basi tuache karatasi, damu haidanganyi. Ni kweli, damu haidanganyi. Lakini damu haina jina. Kipimo kinaonyesha tu kwamba wewe na fulani munagawana sehemu ya urizi: nusu kwa muzazi na mutoto, karibu sehemu moja ya nane kwa watoto wa ndugu wawili. Na huyo fulani lazima naye awe ametema mate katika kichupa. Nani ametema? Zaidi ni watu wa Marekani na wa Ulaya. Bibi wa kijiji cha Kasai hayumo, wajukuu wake hawamo. Kwa hiyo mwenye kutafuta anapata haraka binamu wa baba yake kule Ubelgiji, na upande wa mama anapata ukimya. Kiisha anasema: «Nimepata familia yangu.» Amepata nusu tu! Na nusu iliyobaki njo ile iliyonyanganywa.

Hapo njo penye ubishi wangu. Kwa kumuchukua, Leta ilimuhesabu mutoto kama aliyeachwa, kama asiye na watu. Lakini kwa Babemba na kwa Balamba, mutoto anaingia katika mukowa wa mama yake, na mujomba njo mwenye neno juu yake. Hata kule Kasai, kunakofuatwa baba, mama hakuota kama uyoga: alikuwa na baba yake, na kaka zake, na bibi aliyemulea. Mutoto mwenye mujomba si yatima. Sheria yetu wenyewe inajua jambo hilo. Code ya familia ya 1987 inasema kila mutoto wa Kongo lazima awe na baba. Na kama baba hakuweza kujulikana, tribinali inamuchagulia baba wa sheria, kwanza katika jamaa ya mama. Ni desturi ya wazee iliyoingia katika kitabu.

Mutaniambia: mutu ana haki ya kumujua baba yake. Nani amekataa? Baba aliyekimbia akamatwe na damu yake, hata akiwa kaburini. Kwa kazi hiyo ADN ni shahidi wa kweli. Ninachokataa ni kumufanya baba aliyekana kuwa mwanzo wa ukoo, na mama aliyelia miaka kuwa alama ya kuuliza. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Tufanye nini? Kwanza, tuandike. Muzee akisema jina la mama, tuulize tena: baba yake nani, mukowa gani, kijiji gani, chini ya chefu gani, kaka zake nani. Tuulize wazee wawili ao watatu, sababu kinywa cha mutu mumoja kinaweza kusahau, na kinaweza kuficha. Familia nyingi zilinyamaza kwa haya. Lakini haya si ya mama, ni ya aliyemunyanganya. Pili, archives zilizoko Bruxelles zisifunguliwe kwa wanaoishi kule tu. Kopi zifike Kananga, Lubumbashi, Bukavu, pale ndugu wa wamama wangali wanaishi na wanaweza kusema: «Huyu ni wetu.» Tatu, anayepima damu huko Ulaya asafiri pia, ao atume mutu, mpaka kijijini.

Damu itasema tu ya kuwa kuna ndugu. Jina lake liko katika vinywa vya wazee, na wazee hawangoji. Tukichelewa, tutabaki na karatasi ya muzungu peke yake, nayo imekwisha kuandika: «Hajulikani.»