Mama na Sheria: Siku Zinazohesabiwa Baada ya Hukumu

Wapendwa akina mama, mwezi huu tunaomba tuzungumze juu ya muda wa kukata rufaa. Tunajua jambo lenyewe halina ladha kama mapishi au malezi, lakini shamba, nyumba na haki ya watoto katika mirathi vimepotea kwa sababu yake, tena kwa watu ambao huenda wangeshinda kama wangefika kwa wakati.

Hakimu anapomaliza kusoma hukumu huwaambia wahusika kwamba asiyeridhika anaweza kukata rufaa. Maneno hayo ni mafupi, na mama aliyeshindwa mara nyingi hayasikii. Moyo unamdunda, macho ya shemeji zake yako mgongoni mwake, na nje gari la kurudi Mbinga au Namtumbo linakaribia kuondoka. Anatoka mahakamani akijua jambo moja tu, kwamba ameshindwa. Lakini kuanzia kesho yake siku zinahesabiwa.

Zinahesabiwa ngapi? Inategemea shauri lilianzia wapi, na hapa ndipo wengi huchanganya mambo. Hukumu ya Mahakama ya Mwanzo, ambako mirathi nyingi za kimila na madai madogo huanzia, hukatiwa rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Ukishindwa tena huko, una siku 30 nyingine za kwenda Mahakama Kuu, na kwetu Ruvuma ipo hapa hapa Songea mjini. Shauri la ardhi lililoamuliwa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lina siku 45 za kwenda Mahakama Kuu. Shauri la ndoa lililofunguliwa Mahakama ya Wilaya nalo ni siku 45. Madai mengine ya kawaida yaliyoanzia Mahakama ya Wilaya yana siku 90. Kwa hiyo jirani akikuambia, "Usihofu, mimi nilikaa miezi miwili na rufaa yangu ikapokelewa," muulize kwanza shauri lake lilikuwa la nini.

Siku ya hukumu yenyewe haihesabiwi. Siku ya mwisho ikiangukia Jumapili au sikukuu, unaweza kuwasilisha siku ya kazi inayofuata. Ila tunawasihi msiisubiri hiyo siku ya mwisho, hasa ninyi mnaotoka mwambao wa Nyasa au Tunduru, ambako mvua za masika huamua nani atasafiri na nani atabaki nyumbani.

Liko jambo linalowaponza wengi, nalo ni nakala ya hukumu. Mama anaambiwa nakala haijachapwa, basi anakwenda zake kupalilia mahindi akisubiri kuitwa. Kwa rufaa inayotoka Mahakama ya Mwanzo, Mahakama Kuu imekwisha kueleza kwamba sheria haidai uambatanishe nakala ya hukumu. Unaandika sababu za rufaa na kuziwasilisha. Kuisubiri nakala hakukuongezei siku. Kwa hukumu ya Mahakama ya Wilaya mambo ni tofauti kidogo: muda uliotumika kuipata nakala unaweza kutolewa katika hesabu. Hapo tunasema andika barua ya kuomba nakala mara moja, igongwe muhuri wa masijala, na ubaki na kopi yako. Maneno ya mdomo kwa karani hayana ushahidi wowote.

Lakini kinachokula siku kuliko yote, kwa tunavyoona, ni vikao. Sisi ni watu wa kupatana, na ni vizuri. Baada ya hukumu baba mkubwa huita ukoo, wazee wa kanisa nao huombwa wawakalishe pande mbili, na mama mjane anaambiwa, "Mwanangu, usikimbilie tena mahakamani, tutayamaliza nyumbani." Kikao cha kwanza kinavunjika kwa sababu shemeji mkubwa yuko safarini. Cha pili kinaahirishwa kwa ajili ya msiba. Kwenye cha tatu shemeji anacheka tu, maana siku 30 zimekwisha na yeye anazijua. Mahakama zetu zimesema waziwazi kwamba mazungumzo ya nje hayasimamishi muda. Basi kaeni vikao, wapendwa, lakini rufaa iwe imekwisha kuwasilishwa. Mkipatana inaweza kuondolewa, na hakuna aliyekosewa heshima.

Je, aliyekwisha kuchelewa afanye nini? Mlango bado upo, ingawa ni mwembamba. Sheria inaruhusu kuomba kuongezewa muda kwa sababu ya msingi, na kwa mashauri ya Mahakama ya Mwanzo ombi linaweza kuletwa hata kabla siku 30 hazijaisha. Kwa mashauri hayo ombi hupelekwa Mahakama ya Wilaya kwa maandishi, likieleza sababu za kuchelewa, pamoja na ile rufaa yenyewe unayotaka kuikata.

Mahakama hutazama nini? Mwaka 2011 Mahakama ya Rufani iliamua ombi la kampuni ya ujenzi ya Lyamuya dhidi ya wadhamini wa chama cha wanawake wa Kikristo, YWCA, na vigezo vyake hutumika hadi leo. Mwombaji aeleze kipindi chote alichochelewa. Ucheleweshaji usiwe wa kupita kiasi. Aonyeshe bidii, si uzembe. Na kama hukumu ina kosa kubwa la kisheria linaloonekana wazi, nalo laweza kutazamwa. Uamuzi mwingine wa Mahakama hiyo ulikwenda mbali zaidi: hata siku moja lazima itolewe maelezo.

Kwa hiyo "nilikuwa naumwa" haitoshi. Uliumwa tarehe ngapi hadi ngapi? Kama ulilazwa Peramiho, cheti cha hospitali kiko wapi? Uliruhusiwa tarehe kumi. Tarehe kumi na moja hadi ishirini ulikuwa wapi? Kutojua sheria hakukubaliwi, na uzembe wa wakili kwa kawaida humwangukia mteja wake.

Na umaskini? Kwa kawaida nao haukubaliwi. Lakini katika rufaa namba 1 ya mwaka 2002, Mahakama ya Rufani ilimkuta mjane aliyetegemea msaada wa kisheria, ikaona kwamba kwa hali yake kukosa fedha hakuwezi kupuuzwa. Tunalisema hili kwa tahadhari. Mama huyo alikuwa na mahali pa kuonyesha kwamba alihangaika kutafuta msaada. Tangu mwaka 2017 ipo sheria ya msaada wa kisheria, na wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa nayo. Ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yenu. Na siku mtakayokwenda kwao, iandikeni.

Jambo la mwisho, maana tumeona mama akishangazwa nalo. Kukata rufaa hakuzuii hukumu kutekelezwa. Aliyeshinda anaweza kukazia hukumu, na dalali wa mahakama akafika nyumbani wakati rufaa yako iko masijala. Kuzuia hilo kunahitaji ombi lake lenyewe. Na kama hukumu ilitolewa usipokuwepo, ya upande mmoja, mara nyingi hatua ya kwanza si rufaa. Ni kurudi mahakama ile ile kuomba iitengue, na huko nako kuna siku zake. Ulizeni masijala siku ile ile mnapopata habari.