Lebo ya Chakula cha Mifugo Ina Dhamana Gani?

Mwaka jana kuku wangu 200 wa mayai walishuka kutoka trei tano kwa siku hadi mbili katika muda wa majuma matatu. Daktari wa mifugo hakuona ugonjwa. Mfuko wa kilo 50 niliokuwa nikiwalisha ulikuwa na lebo nadhifu: protini asilimia 17. Nililowesha viganja viwili vya chakula hicho katika beseni la maji. Pumba zikaelea, mchanga ukatuama chini.

Nilipomrudia muuzaji alinijibu: "Mwalimu, mimi nauza tu. Mfuko nimeupokea umeshonwa." Sikuwa na la kumjibu.

Hatuna upungufu wa sheria. Tunayo Sheria ya Maeneo ya Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Kinachokosekana ni mkono wa kuzifikisha dukani. Mnunuzi wa kitambaa hukipapasa. Mnunuzi wa protini hana budi kuiamini lebo.

Maabara nayo haitoshi peke yake. Kipimo kilichozoeleka hupima naitrojeni, kisha huizidisha kwa 6.25 na kuiita protini. Mwaka 2007 paka na mbwa walikufa nchini Marekani kwa kula chakula chenye gluteni ya ngano kutoka China, iliyotiwa melamini, kemikali yenye naitrojeni nyingi. Hata hivyo shehena ilifuatiliwa hadi kwa mwagizaji, na mwaka 2009 kampuni hiyo na wamiliki wake wakakiri kosa mahakamani. Huko, kisingizio cha "nimeupokea umeshonwa" hakikuwaokoa.

Basi ninapendekeza mambo matatu. Kila mfuko uwe na namba ya toleo, na kila muuzaji atunze stakabadhi ya alikoununua. Wakaguzi wachukue sampuli madukani bila taarifa, na matokeo yatangazwe kwa majina. La tatu ndilo zito zaidi: hukumu imfidie mfugaji. Faini huingia serikalini, ilhali mama aliyekopa VICOBA ili anunue vifaranga hubaki na deni lake na kuku wasiotaga. Sheria isiyomfikia mama huyo bado haijatekelezwa, hata kama maduka kumi yamefungwa mbele ya kamera.