Machu Picchu: Msongamano Hauepukwi kwa Kuamka Alfajiri

Msongamano wa wageni katika Machu Picchu, mji wa Wainka uliojengwa karne ya 15 katika safu ya milima ya Andes nchini Peru, kiasi cha meta 2,430 kutoka usawa wa bahari, huzungumzwa mara nyingi kama kero ya msafiri binafsi, ambayo dawa yake ni kuchagua saa na mwezi unaofaa. Mtazamo huo una ukweli, lakini haugusi swali kubwa zaidi, yaani ni watu wangapi wanaopaswa kuruhusiwa kuingia na ni nani mwenye haki ya kuamua idadi hiyo.

Msimu wa kiangazi, unaodumu kuanzia Mei hadi Septemba, ndio wenye wageni wengi, na kwa muda mrefu wasafiri wameshauriwa kuingia alfajiri. Matokeo yake ni kwamba foleni ya mabasi katika mji mdogo wa Aguas Calientes, ulio chini ya mlima, huanza kabla ya mapambazuko, ilhali huko juu ukungu mara nyingi huwa bado umeyafunika magofu. Anayeingia alasiri hupata nafasi zaidi, kwa sababu wengi huwa wameshateremka kuwahi treni. Hata hivyo, nafuu hiyo itadumu tu kwa muda ambao wengine hawajaifuata.

Kinachoumia ni mawe yenyewe. Kuta bora za mji huo zilijengwa kwa mawe yaliyochongwa na kupangwa bila udongo wala chokaa katikati yake, na matuta yanayoushikilia mlima yana tabaka za kokoto zinazopitisha maji ya mvua ili ardhi isiporomoke. Mwaka 2000, wakati wa kupiga picha za tangazo la bia, kreni iliangukia Intihuatana, jiwe takatifu lililochongwa kutokana na mwamba wa mlima wenyewe, ikamega kipande cha pembe yake. Hasara hiyo ilionekana siku ileile. Ile ya maelfu ya nyayo juu ya ngazi zilezile huja polepole, na ndiyo maana ni rahisi kuipuuza.

Kwa hiyo utaratibu ulioanza mwaka 2024, unaoigawa ziara katika mizunguko mitatu yenye njia kumi na kumtaka mgeni afuate njia iliyoandikwa kwenye tiketi yake, ni wa haki, ingawa huwasikitisha wanaogundua wakiwa mlangoni kwamba njia yao haipiti katikati ya mji. Udhaifu uko kwenye idadi: kikomo cha mwaka 2011 kilikuwa watu 2,500 kwa siku, lakini kufikia mwaka 2024 kilikuwa 4,500, na siku nyingine 5,600. Wakazi wa Aguas Calientes hawana shamba lingine zaidi ya utalii, na Januari mwaka huohuo waligoma wakipinga uuzaji wa tiketi kukabidhiwa kampuni binafsi. Dai lao la kusikilizwa ni halali, lakini riziki inayotegemea kuongeza watu juu ya mawe yasiyoongezeka haiwezi kuwa na mwisho mwema.

Wapo wanaopendekeza wageni waelekezwe Choquequirao, magofu mengine ya Wainka yanayofikiwa kwa mwendo mgumu wa miguu wa takriban siku mbili, na serikali imekuwa na mpango wa kuyafikia kwa magari ya nyaya, hoja isiyo ngeni kwa Watanzania waliojadili pendekezo kama hilo kwa Mlima Kilimanjaro. Kuhamisha umati si kuupunguza. Mfano bora uko jirani: Njia ya Wainka, barabara ya kale ya miguu inayoishia Machu Picchu, hupokea watu 500 tu kwa siku, wakiwemo wapagazi na waongozaji, na hufungwa kila Februari ili ikarabatiwe. Mji wenyewe, mwezi huohuo, hupokea wageni kama kawaida.