Nishati haipotei: muulizeni chura wa Kihansi

Kila aliyepita sekondari anaijua sentensi hii: nishati haiumbwi wala haiangamizwi, hubadilika tu kutoka umbo moja kwenda jingine. Tumeikariri, tumeiandika kwenye mtihani, tumepata alama zetu, basi. Lakini kwenye madesa yaleyale kuna neno jingine linalopita kimyakimya: nishati "inayopotea". Tunachora mishale mikubwa kutoka kwenye maji kwenda kwenye turbini, jenereta, hadi umeme. Halafu pembeni tunachora kamshale kadogo kanakotoka nje, tunaandika "joto na sauti", tunageuza ukurasa.

Mimi nasomea ualimu wa Fizikia, na msimamo wangu ni kwamba hako kamshale ndiko kanakostahili kipindi kizima. Na sisi wa Mbeya na Iringa hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano.

Twende Kihansi. Mto huu unatoka kwenye nyanda za juu za Iringa na kuporomoka ukingoni mwa milima ya Udzungwa. Kuna kituo cha kufua umeme cha megawati 180, na maji yake hushuka karibu mita 850 hadi kwenye mitambo iliyojengwa ndani ya mwamba. Chukua kalamu. Mita moja ya ujazo ya maji ni kilo 1,000. Zidisha kwa 9.8, zidisha kwa 850, unapata jouli zaidi ya milioni 8. Hata ukitoa kinacholiwa na msuguano, unabaki na uniti kama 2 za umeme. Yaani tenki moja la lita 1,000, lile la kawaida la nyumbani, linakupa uniti 2 za LUKU kwa kuporomoka tu. Hapo mhandisi lazima atabasamu, na ana haki.

Sasa uliza: kabla ya kituo kujengwa, hizo jouli milioni 8 zilikuwa zinakwenda wapi? Kwa mujibu wa madesa, zilikuwa "zinapotea". Maji yaligonga miamba, yakapiga kelele, yakasukuma upepo, yakapasuka kuwa manyunyu, na mwisho yote yakaishia kuwa joto dogo. Nishati yote hiyo ikigeuka joto ndani ya maji yenyewe, yanapanda kama nyuzi 2 tu za sentigredi. Nani atalalamikia nyuzi 2?

Aliyekuwepo wa kulalamika ni chura. Mwaka 1996 wanasayansi waligundua kwenye korongo hilo chura mdogo wa rangi ya manjano, asiyetaga mayai bali huzaa watoto hai, na ambaye hajaonekana kwingine kokote duniani. Makazi yake yalikuwa hekta chache tu za majani yanayolowa manyunyu mchana na usiku. Kituo kilipoanza kazi, sehemu kubwa ya maji ikaingia kwenye handaki, na manyunyu yakakatika. Yakafungwa mabomba ya kunyunyizia kuiga maporomoko. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura karibu 500 walipelekwa Marekani kutunzwa kwenye bustani za wanyama. Waliobaki korongoni walianguka ghafla mwaka 2003, na ugonjwa wa kuvu ulitajwa pia kuwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena. Wazao wa wale waliosafirishwa walirudishwa Tanzania, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa tena Kihansi.

Sisemi umeme ule usingefuliwa. Ninaandika makala hii kwa kompyuta iliyochajiwa ukutani, sitajifanya mtakatifu. Ninachosema ni kwamba "kupotea" si neno la Fizikia. Ni neno la mtu aliyekaa upande mmoja wa mchoro. Nishati ile ilikuwa na mtumiaji tangu zamani, ila hakuna aliyemwandika.

Na Mbeya nako hali ni hiyohiyo, ila huko wanaogombea ni watu. Mito inayoshuka kutoka Uporoto na Kipengere inaingia bonde la Usangu, Mbarali, inapita Ihefu, kisha Ruaha Mkuu unaelekea kwenye Hifadhi ya Ruaha, Mtera yenye megawati 80 na Kidatu yenye megawati 204. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi. Ukimsikiliza mtu wa umeme, maji yanapotea mashambani. Ukimsikiliza mkulima wa mpunga, maji yanayompita bila kugusa jaruba ndiyo yanayopotea. Kiboko wa Ruaha hana msemaji, ila matope anayogalagala Oktoba yanatosha kueleza. Kifizikia, wote wanatazama maji yaleyale. Shambani jua linageuka wanga ndani ya punje, na maji mengi yanapaa kuwa mvuke. Maji yaliyopaa Usangu hayatashuka Mtera. Huwezi kuyatumia mara mbili kwa kuipigia makofi kanuni ya uhifadhi wa nishati.

Ndiyo maana naona tunawadanganya wanafunzi tunapowaachia mchoro wenye mishale mikubwa peke yake. Hao ndio watakaokuwa madiwani, wahandisi na maofisa wa bonde. Wenzangu mnaokwenda mazoezi ya kufundisha, kwenye somo la nishati acheni mfano wa tochi na betri. Chukueni mto ulio karibu na shule. Waambieni wanafunzi wachore kila mshale, halafu mbele ya kila mshale waandike jina: nani anatumia hapa? Wahandisi wenzetu, kabla ya kujaza ripoti ya mafunzo kwa asilimia ya ufanisi, ongezeni mstari mmoja unaotaja asilimia iliyobaki inakwenda kwa nani.

Haigharimu bumu la mtu. Inahitaji karatasi, kalamu, na mwalimu asiyeogopa swali ambalo halina jibu nyuma ya kitabu.