Busia ijifunze kwa mashimo ya Kakamega

Dhahabu ikiisha, wenyeji hubaki na nini? Swali hili linatuhusu sisi wa Busia, upande wa Uganda, kuliko tunavyodhani. Miamba yenye dhahabu inayotoka Kakamega na Siaya haisimami kwenye geti la mpaka. Inavuka na kuingia kwetu hadi Tiira, ambako dhahabu ilichimbwa tangu enzi za mkoloni. Leo vijana wetu wanachimba kwa sururu na karai, na mitambo ya kampuni nayo imeshaingia wilayani. Wenzetu wa Kakamega walianza safari hii mapema, kwa hiyo tutazame walikofika.

Mimi ni mmoja wa wale tuliosomea uhamishoni, magharibi mwa Kenya, na sasa ninafundisha nyumbani. Ndugu zangu wafanyabiashara wanaijua Kakamega kama mji wa kushusha mzigo na kurudi. Lakini anayelala siku moja zaidi ana mengi ya kuona.

Kwanza ni msitu. Msitu wa Kakamega ndio mabaki pekee nchini Kenya ya msitu wa mvua wa aina ile ya Kongo. Humo wamo mbega, kima wa De Brazza, na shorobo mkubwa wa buluu ambaye wapenda ndege husafiri kutoka Ulaya kumtafuta. Upande wa Buyangu, kaskazini, unasimamiwa na Shirika la Wanyamapori; upande wa Isecheno uko chini ya idara ya misitu, na vijana wa hapo wamejifunza kuongoza wageni. Pili ni Jiwe Linalolia la Ilesi, kando ya barabara ya Kisumu, lenye urefu wa mita kama 40 na maji yanayotiririka kama machozi shavuni. Tatu ni mafahali wa Waisukha na Waidakho, wanaopiganishwa alfajiri huku ngoma za isukuti zikiwasindikiza. Isukuti yenyewe iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka.

Na dhahabu iko wapi katika ziara hiyo? Hapo ndipo penye hoja yangu. Mgeni akipanda kilima cha Lirhanda huonyeshwa pango lililochimbwa na watafuta dhahabu, ambalo sasa ni makao ya popo. Humulikiwa tochi, husimuliwa kidogo, kisha hurudishwa kwa ndege na nyani. Nilipokuwa mwanafunzi tulipelekwa msituni mara kadhaa. Sikumbuki hata siku moja tulipoambiwa habari za Rosterman, ingawa mgodi huo ulikuwa karibu na mji.

Habari zenyewe ni nzito. Mwaka 1931 mkulima Mmarekani, L. A. Johnson, alipata dhahabu Kakamega. Mamia ya Wazungu walimiminika, wengi wao wakulima waliobanwa na mdororo wa uchumi wa dunia. Tatizo lilikuwa kwamba ardhi ile ilikuwa ya Waafrika kisheria. Sheria ya mwaka 1930 iliahidi kwamba kipande chochote kitakachochukuliwa kitalipwa kwa ardhi nyingine. Ahadi hiyo haikudumu miaka mitatu. Desemba 1932 sheria ilibadilishwa ili mwenye shamba apewe fedha tu, na wazee wasilazimike kuulizwa. Hata Uingereza kwenyewe baadhi ya wakubwa walipinga, lakini uchimbaji uliendelea. Rosterman ilifungwa mwaka 1952. Kampuni iliondoka na dhahabu, mashimo yakabaki.

Sasa kampuni nyingine imepima dhahabu Isulu na Bushiangala, na wenyeji wanauliza lile lile waliloliuliza babu zao: tukihama, twende wapi? Anayejua historia ya 1932 huuliza swali hilo akiwa na hoja mkononi. Asiyeijua huambiwa ni mpinga maendeleo. Ndiyo maana nasema kumbukumbu ya mgodi si pambo la watalii. Ni kinga ya mwenye shamba.

Wapo watakaosema hakuna mtu atakayelipa kutazama shimo. Wamtazame Pilgrim's Rest, kule Afrika Kusini. Dhahabu ilipatikana hapo mwaka 1873, na migodi ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Serikali ilinunua kijiji kizima, na mwaka 1986 kikatangazwa urithi wa taifa. Leo wageni huingia katika nyumba za mabati za wachimbaji wa zamani, hufundishwa kuchekecha mchanga wa dhahabu mtoni, hula na kulala hapo. Mwenye hoteli, mwenye duka na mwongoza wageni wote wanapata riziki.

Lakini tusikosee njia. Simaanishi kuwapeleka watalii kupiga picha vijana walio ndani ya shimo lisilo na nguzo, wala watoto wanaoshika zebaki kwa mikono mitupu. Hiyo si historia, ni hatari ya leo, na mimi mwalimu naijua kwa madawati yanayobaki wazi kila bei ya dhahabu inapopanda. Mashimo yaliyoachwa yafukiwe au yazungushiwe uzio. Machache yaliyo imara yakaguliwe na wataalamu wa migodi, kisha yawekewe ngazi, taa na mtu wa kusimulia.

Kazi ya kuanza nayo haihitaji mabilioni. Halmashauri ya wilaya ya Busia iwaite wazee wa Tiira wangali hai, isimulizi yao iandikwe. Vifaa vya zamani vikusanywe kabla havijauzwa kama vyuma chakavu. Shule zetu zipeleke wanafunzi Kakamega kupitia Mumias. Ni safari ya kwenda na kurudi siku moja. Nanyi wafanyabiashara, tangu mwaka 2014 kitambulisho cha taifa kinawatosha Waganda kuvuka. Mkimaliza kuuza, lipeni kiingilio cha Isecheno na muulize habari za pango la Lirhanda. Wenyeji wakiona swali hilo linaulizwa na wengi, watatafuta mtu wa kulijibu vizuri.

Dhahabu ya Tiira nayo itakwisha. Tuanze kuandika jina la kila aliyetoa shamba lake, na alicholipwa, wakati bado inachimbwa.